Soba house, hospitali ukitokea nyumbani, au kwa bibi Rombo? Tulinganishe kabla hujamfungia mtoto virago

Mzazi wa Moshi au Arusha akigundua kwamba mwanawe wa miaka 15 au 17 anavuta bangi kila siku, anashinda kijiweni na mirungi, anakunywa gongo au, Mungu aepushe, ameanza kula unga, yaani heroini, hachelewi kupata washauri. Shemeji atasema mpeleke soba house, nyumba ya kulala ambako waraibu huachishwa pombe na dawa, akae miezi sita anyooke. Jirani ambaye ni nesi atasema anza hospitali, mtoto alale nyumbani. Babu naye atasema mrudisheni kijijini, Rombo au Machame, akapalilie migomba mpaka akili imrudie.

Nimeziweka njia hizi tatu pamoja kwa kipimo kimoja: kijana yuko wapi mwaka mmoja baadaye. Sizungumzii siku anayotoka getini akiwa amenenepa, amenyolewa vizuri na anaamkia wakubwa bila kukumbushwa. Siku hiyo kila nyumba inapendeza, na ndiyo siku wenye nyumba hupenda kupiga picha.

Nisifiche ninakoelemea. Kwa vijana wengi wa umri huu ningeanza na matibabu huku wakiishi nyumbani, soba house nikaiweka kwa wachache wenye sababu maalumu nitakazozitaja. Na hata hao ningewapeleka iwapo tu mpango wa siku ya kutoka umeshaandikwa kabla ya siku ya kuingia.

Anatumia nini hasa?

Swali hili huamua mengi kuliko jina la nyumba, na wazazi wengi hulipita haraka kwa kuwa kwao yote ni "madawa".

Bangi haina dawa ya kumeza ya kuitibu. Aliyekuwa akivuta kila siku akiacha, atakuwa na hasira, atakosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki moja au mbili hivi, kisha atatulia. Hilo linavumilika nyumbani. Mirungi ikikatwa huleta uchovu, usingizi mwingi na huzuni, nayo huvumilika. Isipokuwa kijana ameanza kusikia sauti, kushuku kila mtu au kuzungumza yasiyoeleweka. Huyo ni wa hospitali kwanza, tena leo.

Pombe ndiyo inayodharauliwa, kumbe kwenye kuacha ndiyo ya hatari zaidi. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Dawa za usingizi za jamii ya Valium ziko hivyohivyo. Nyumba inayopokea kijana wa namna hii na kumlaza kwenye godoro "arosto imtoke", yaani yale mateso ya mwili uliokosa ulichozoea, bila daktari, inacheza na maisha yake.

Heroini, yaani unga, ina arosto inayotisha kuitazama: jasho, kuharisha, mifupa kuuma, kutapika. Huanza ndani ya siku moja, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na ndani ya wiki hivi mwili umetulia. Hatari kubwa huja baadaye. Mwili uliokaa mwezi mmoja au miwili bila unga hauwezi tena kuhimili kiasi cha zamani. Kijana akitoka, akakutana na pusha wake na kupiga kipimo chake cha kale, anaweza kufa usiku huohuo. Kwa hiyo kwa mtumiaji wa unga, kukaa ndani kisha kutoka bila ufuatiliaji ni kumwongezea hatari.

Kwa unga kuna methadone, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga na kuzuia arosto. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na kliniki zimefika mikoani, Arusha ikiwamo. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa aliye chini ya miaka 18 uamuzi ni wa daktari baada ya kumpima. Na haisaidii bangi wala mirungi, maana inatibu uraibu wa unga na dawa za jamii yake tu.

Tafiti zinasemaje

Tafiti nzuri za vijana waliolazwa kwenye nyumba za matibabu zimefanyika zaidi Marekani. Mazingira si yetu, lakini maswali ni yaleyale.

Utafiti mkubwa uliopokea vijana kati ya 1993 na 1995 uliwafuatilia 1,167 katika miji minne, wengine wakiishi ndani ya vituo, wengine wakienda na kurudi nyumbani. Mwaka mmoja baada ya matibabu, waliokuwa wakivuta bangi kila wiki au zaidi walishuka kutoka takribani asilimia 80 hadi 44. Waliokuwa wakinywa pombe kupindukia walishuka kutoka 34 hadi 20, na waliojihusisha na uhalifu kutoka 76 hadi 53. Mwenye nyumba atakusomea takwimu hizi kwa furaha, na ana haki, kwa sababu matibabu yanapunguza. Ila wewe zisome pia kwa upande wa pili: wanne kati ya kumi walikuwa bado wanavuta kila wiki. Anayekuahidi kwamba mtoto atatoka "amepona kabisa" anakuuzia kitu ambacho hata wenye fedha na madaktari hawajakipata.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba waliodumu zaidi kwenye matibabu, siku 90 na kuendelea, walifanya vizuri zaidi, wawe wanalala kituoni au nyumbani. Wazazi wengi husikia "siku 90" wakadhani ni siku 90 za geti lililofungwa. Sivyo. Ni siku 90 za matibabu.

Los Angeles, vijana waliopelekwa na mahakama kwenye nyumba iliyokuwa na mpango maalumu wa matibabu walilinganishwa na wenzao waliopelekwa nyumba za kawaida za vijana. Baada ya mwaka mmoja wale wa kwanza walikuwa na nafuu. Walipotafutwa miaka kadhaa baadaye, tofauti ilikuwa imeyeyuka. Nyumba iliwapa mwanzo mzuri, ila yaliyofuata yaliamuliwa na mtaa, kazi, marafiki na familia.

Utafiti ambao kwangu una uzito kuliko yote katika hoja hii ulichapishwa mwaka 2018. Vijana 113, wote wakiwa na uraibu pamoja na tatizo la afya ya akili, ambao kwa kawaida wangepelekwa kulala kituoni, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lililazwa. Kundi la pili lilibaki nyumbani na kupata tiba ya familia nzima: mtaalamu anakaa na kijana, anakaa na wazazi, kisha anawakalisha wote pamoja, na anafika hata shuleni. Miezi miwili ya kwanza makundi yote mawili yalipunguza sana. Kutoka hapo hadi mwezi wa 18, waliobaki nyumbani waliishikilia nafuu yao kuliko waliolazwa.

Nikiri upande wa pili wa jambo hilo: tiba ile ilikuwa nzito, saa nyingi kila wiki, na huwezi kuikuta kama ilivyo kwenye hospitali zetu za mkoa, Mawenzi wala Mount Meru. Lakini kuna utafiti mwingine wa Marekani, wa vijana 600 watumiaji wa bangi waliotibiwa bila kulazwa, uliojaribu aina tano za tiba. Ile fupi, ya vikao vitano tu vya mazungumzo, ilikaribia kabisa matokeo ya zile ndefu na za ghali. Vikao vitano hata hospitali yetu ya mkoa inaviweza, mzazi akihakikisha mtoto anafika kwenye vyote.

Ukienda kuiona soba house

Nyumba nyingi za upataji nafuu nchini zinaendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe. Hiyo ni nguvu yao: hawadanganyiki kirahisi, wanaijua arosto kwa miili yao, na kijana akisema "huwezi kunielewa" wana la kumjibu. Pia humtoa mtoto mtaani papo hapo. Kijana anayeishi mitaa kama Ngarenaro ya Arusha au Pasua ya Moshi, ambaye kutoka mlango wa kwao hadi kijiweni ni hatua chache, hupata pumzi. Mama yake naye hulala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na hilo si jambo dogo.

Nenda mwenyewe kabla ya kumpeleka. Mazungumzo ya getini huwa hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba baba. Nimekuja kuona mazingira kabla sijamleta kijana wangu."
"Karibu sana mama. Ana miaka mingapi?"
"Kumi na sita."
"Hamna shida, tunapokea wote."

Hapo kwenye "tunapokea wote" simama. Uliza analala na nani. Kama chumba kina vitanda vya deki sita na wenzake ni wanaume wa miaka 30 na 40 waliojidunga miaka kumi, mtoto wako aliyekuja na bangi atahitimu darasa jingine. Watafiti wameshaonyesha kwamba kuwakusanya pamoja vijana wenye tabia hatarishi, hata kwa nia njema, huweza kuwazidishia, kwa kuwa husifiana na kufundishana. Hiyo ni kwa rika moja. Ukimchanganya na watu wazima unaongeza na hatari ya kuonewa usiku. Miongozo ya kimataifa ya tiba, iliyotolewa upya na Shirika la Afya Duniani na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, mwaka 2020, inataka watoto wapate huduma inayowafaa umri wao.

Omba kuona ratiba. Nyumba zote zina ratiba ukutani: kuamka, sala, usafi, kikao cha asubuhi, chakula, kikao cha jioni. Kisha mwulize kijana mmoja, meneja akiwa ameenda kupokea simu, jana mchana walifanya nini. Akijibu "tulikaa tu", basi ratiba ni ya wageni.

Uliza daktari au nesi huja lini, na dawa zimefungiwa wapi. Uliza masomo. Uliza ukitaka kumwona mwanao unaruhusiwa baada ya muda gani. Nyumba inayokataza familia kwa miezi mitatu ya kwanza ikisema "mtamharibu" siiamini hata kidogo, kwa kuwa tafiti zinaielekeza familia ndani ya matibabu, na kwa kuwa mahali ambapo mzazi haingii, fimbo huingia. Kuna wazazi waliokuta alama za kamba kwenye vifundo vya miguu ya watoto wao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18 dhidi ya mateso na adhabu za kikatili, na risiti ya ada haimpi mtu ruhusa ya kumfunga mtoto. Ukikuta hivyo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au piga 116, namba ya simu ya kuwasaidia watoto.

Halafu kuna ile ya kukodi vijana wa nguvu waje saa kumi usiku kumkamata mtoto kitandani. Najua wazazi hufika huko kwa kukata tamaa. Lakini kijana aliyebebwa hivyo hutumia mwezi wa kwanza kupanga kutoroka, na akitoka anakuwa na kisa cha kukudai maisha yote. Kushawishika si lazima kuwe kwa furaha. Hata "nitajaribu, ili mniache" panatosha kuanzia.

Hospitali, huku analala nyumbani

Hapa hakuna geti wala bango. Unaanzia kituo cha afya au hospitali ya mkoa, Mawenzi kwa Moshi au Mount Meru kwa Arusha, unaomba huduma ya afya ya akili. KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, nako kuna madaktari wa akili. Kijana anapimwa, maana nyuma ya bangi mara nyingi kuna sonona, msiba ambao haukuzungumzwa, au kipigo cha nyumbani, kisha anapangiwa tarehe za kurudi.

Udhaifu wake ni foleni na kukata tamaa. Ziara ya kwanza familia nzima inakwenda. Ya pili anakwenda mama. Ya tatu kijana anapewa nauli aende peke yake, na nauli inaishia njiani. Kama huna mtu mzima mmoja anayeweza kuacha kazi nusu siku kila baada ya wiki mbili, sema ukweli mapema na mtafute shangazi au mjomba wa kuibeba kazi hiyo.

Nyumbani kwenyewe kuna kazi. Fedha za mkononi zinapungua, ila hazikatwi kabisa, maana asiyekuwa na kitu ataiba. Saa ya kurudi inajulikana. Baba anayekunywa kila jioni sebuleni itabidi akanywee kwingine, au bora zaidi naye aache kwa kipindi. Na mtu mmoja awe wa kuambiwa ukweli kijana akiteleza, bila makofi. Watafiti wa San Diego waliowafuatilia vijana baada ya matibabu waliona wengi walirudia ndani ya miezi michache tu, na mara nyingi walirudia wakiwa na wenzao, kwa kushawishiwa, si kwa upweke wa chumbani. Kwa hiyo swali la "Jumamosi saa kumi jioni anakuwa wapi, na nani?" lina faida kuliko kumnusa mdomo.

Kijijini kwa bibi

Hii nitaipita haraka. Migomba haitibu uraibu. Mbege iko pale kwenye kila sherehe, gongo haiko mbali, milima ya Same inajulikana kwa mirungi na Kisimiri huko Arumeru kwa bangi. Bibi wa miaka 70 hawezi kumfuata kijana wa miaka 17 saa tatu usiku. Njia hii hufaa pale tu kuna mjomba mwenye nguvu na subira, kazi inayolipwa chochote, na tarehe za kliniki zinazoendelea. Bila hayo umehamisha tatizo, ukamwongezea bibi presha.

Nani basi wa kulazwa?

Ningempeleka soba house kijana ambaye nyumbani si salama, kwa sababu anayemuuzia ni ndugu yake au kuna anayempiga. Aliyeshajaribu hospitali kwa miezi kadhaa, kweli, akashindwa. Anayekula unga na hana mtu wa kukaa naye mchana. Aliyetishia au kujaribu kujiua hapaswi kwenda soba house moja kwa moja. Anaanzia hospitali.

Wa bangi ya wikiendi, wa mirungi ya kukeshea mtihani, aliyekutwa na msokoto mmoja kwenye begi, hawa hawana sababu ya kulazwa. Kuwalaza ni kuwatambulisha kwa mateja ambao wasingewajua.

Kwa mtoto wa kike mizani inaelemea nyumbani zaidi. Nyumba nyingi zimejengwa zikiwafikiria wanaume. Usikubali "ana chumba chake" bila kuona mlango, komeo, choo, na mwanamke anayelala zamu. Na apimwe kwa faragha na mhudumu wa kike, kwa kuwa kwa wasichana dawa na kuingiliwa kwa nguvu mara nyingi huenda pamoja.

Ada na mwezi wa kwanza nje

Fedha za familia nyingi huishia kwenye ada ya nyumba. Ukiwa na akiba ya miezi sita, lipa mitatu ya ndani, na iliyobaki iwe nauli za kliniki, vikao vya ushauri na ada ya fundi atakayemfundisha kazi. Jimbo la Illinois walijaribu jambo jepesi: baada ya vijana kutoka kituoni, mshauri aliwafuata majumbani kwa siku 90. Waliofuatwa waliendelea na huduma na kukaa mbali na bangi kuliko walioambiwa tu "mje kliniki". Iulize nyumba yako kama kuna mtu wa kuja kwenu hata mara mbili kwa mwezi, na umlipe nauli. Ikisema haina, mwombe kiongozi wa dini unayemwamini au mraibu aliyepata nafuu wa miaka mingi. Kwa maelezo ya huduma zilizopo, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapatikana bure kwa namba 119.

Shule ipangwe mapema. Mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba, na kumlaza kijana kuanzia Agosti ni kumpotezea mwaka, jambo ambalo lenyewe humrudisha kijiweni. Ikiwa hali inaruhusu, tibu akiwa nyumbani hadi amalize mitihani, au mlaze mapema mwaka unapoanza. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imefungua mlango kwa waliokatiza masomo kurudi shuleni, kwa hiyo mkuu wa shule akikwambia nafasi yake imekwisha, uliza ofisi ya elimu ya wilaya. Mkuu huyo mwambie kwamba mtoto alikuwa mgonjwa, anatibiwa, na kila Alhamisi ya pili ataondoka saa nne kwenda kliniki. Mwalimu mmoja wa malezi ajue zaidi ya hapo. Wengine wa ofisini hawahitaji.